Mji Uliobaki

Ukitoka Litein ukishika barabara ya kwenda Sotik, kabla hujafika kituo cha kukusanyia majani ya chai chenye paa la bluu, kuna shamba la chai ambalo wapita njia husimama kulitazama. Si kwa uzuri. Chai yote pale ni fupi, imesawazishwa juu kama kitanda kilichotandikwa vizuri, isipokuwa mstari mmoja ulio karibu na nyumba. Mstari huo umekuwa msitu. Miti yake inampita mtu mrefu, ina maua meupe, ina nyuki, na ndege wamejenga humo. Mgeni akiuliza ni miti gani, ataambiwa, "Hiyo ni chai ya Mheshimiwa," na huyo anayejibu atacheka kidogo, kisha ataangalia kando asije akasikika.

Mwenye mstari ni Profesa Mathew Sigilai, mbunge wa mihula mitano. Na anayeutazama kila asubuhi akifungua dirisha la jikoni ni mkewe Phelis, ambaye majirani wanamwita Mama Shirley, kwa jina la binti yao wa kwanza.

Phelis alimjua Profesa kabla hajawa profesa. Wakati huo alikuwa Mathew tu, kijana mwembamba wa chuo kikuu aliyekuja likizo na koti moja na kitabu kinene cha uchumi, akakibeba kwapani hata akienda kukamua ng'ombe. Alianza kupita kwa kina Phelis kila jioni, akisema amekuja kumsalimia kaka yake. Kaka alikuwa kazini Nakuru, na Mathew alijua hivyo vizuri sana. Phelis alikuwa amemaliza darasa la saba, alichuma chai ya baba yake, na alipenda vitendawili kuliko chakula.

"Kitendawili!" alimwambia siku ya kwanza, hata kabla ya kumkaribisha kiti.

"Tega," alisema Mathew.

"Nyumba yangu haina mlango."

Mathew alifikiri mpaka uji ukaota utando. "Benki," alisema mwishowe. "Siku ya Jumapili."

Dada zake Phelis walicheka wakaangukia magunia.

"Umeshindwa. Nipe mji!"

Ndiyo sheria. Anayeshindwa hutoa mji, na aliyetega huenda huko kwa maneno, akala, akanywa, akasifiwa, kisha akarudi na jibu. Mathew akatoa Litein. Phelis akajifunga leso vizuri kama mtu anayesafiri kweli, akasema, "Nilienda Litein. Wakanipa kiti chenye mto, wakanipa nyama ya mbavu. Wakaniuliza, ni nani huyo aliyekupa mji mzuri hivi? Nikawaambia ni kijana mmoja wa chuo kikuu, amesoma vitabu vyote lakini hajawahi kuona yai."

"Yai!" Mathew alijipiga paji la uso.

Likizo ile alishindwa kila jioni. Alitoa Sotik, akatoa Bomet, akatoa Kericho na Kapkatet na Kabianga. Mji mmoja tu ndio alikataa kuutoa. "Nairobi siwezi kukupa," alisema. "Bado siyo yangu. Naitafuta." Na wazee wake walipokuja kuposa, baba yake Phelis akauliza kijana huyu ana mali gani, msichana alijibu yeye mwenyewe kutoka nyuma ya mlango: "Alikuwa na miji. Sasa ni yangu." Wazee walicheka, na maneno yakaenda haraka.

Basi Mathew akasoma, akavuka bahari akasoma tena, akarudi profesa wa uchumi. Huko Nairobi alikofundisha, wanafunzi walimpa jina: Inategemea. Kwa sababu ukimuuliza kama bei ya mahindi itapanda au itashuka, alivua miwani, akaipangusa na ncha ya shati, akaivaa, akasema, "Inategemea." Jina likamfuata hadi nyumbani. Siku moja mchungaji alimuuliza mbele ya kanisa kama ameokoka, na waumini wote wakashika viti. Aliposema ameokoka, walishusha pumzi.

Kilichomtoa darasani kikamtia Bungeni kilikuwa matope. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, gari la kubeba majani lilizama njiani wakati Profesa yuko likizo, na chai ya kijiji kizima ikakaa kwenye kituo mpaka ikawa nyekundu kama kutu. Phelis alimwaga vikapu vyake mwenyewe kando ya barabara. Profesa alisimama pale na viatu vyake vya Nairobi, matope yakimfika kifundoni, akaangalia wanawake wakimwaga. Hakusema inategemea. Alisema, "Nitagombea."

"Muhula mmoja," Phelis alimwambia.

"Muhula mmoja, Mama Shirley."

Ilikuwa miezi ya baridi, wakati wa kupogoa. Asiyejua chai aelewe hivi: kila baada ya miaka michache unaikata chini kabisa, karibu na goti, inabaki vijiti. Usipoikata inakimbilia juu, inakuwa mti, na mchumaji hawezi kuifikia. Siku hiyo mtu na mkewe walikuwa wamekata shamba zima pamoja, umebaki mstari ule wa karibu na nyumba, gari la kampeni likapiga honi langoni. Profesa akachomeka panga ardhini. "Huu niachieni," alisema. "Nitaukata mwenyewe nikirudi."

Akashinda. Ukaja wakati mwingine wa kupogoa, na kampeni nazo zina tabia ya kuangukia miezi hiyo hiyo. "Huu niachieni," alisema tena, mguu mmoja uko ndani ya gari. Ikawa hivyo muhula baada ya muhula, na Phelis, ambaye angeweza kuukata kwa asubuhi moja, aliuacha. Mtu akiahidi, humnyang'anyi ahadi yake.

Na hakuwa mbunge mbaya, wacha hayo yasemwe. Alipigania sheria ya barabara za majani mpaka wenzake wakawa wanatoka kwenda kunywa chai akisimama. Ilikataliwa, akairudisha, ikakataliwa, akairudisha na miwani mipya, ikapita. Leo gari la majani linafika hata kule mteremkoni. Alieleza bajeti redioni kwa lugha ya nyumbani, akitumia kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, mpaka akina mama wakaijua bajeti kuliko waziri. Na mwaka ule mbaya baada ya uchaguzi, majirani walipogeukana, alimwingiza Nyang'au na mkewe na watoto wao nyumbani kwake. Nyang'au ni Mkisii, alikuja zamani kuchuma chai katika shamba kubwa, akanunua kipande kando yao. Profesa aliweka kiti langoni akakaa hapo mchana kutwa akisoma gazeti la wiki iliyopita. Vijana wenye marungu walipofika, aliwauliza kila mmoja jina la mama yake, na mama huyo anaendeleaje na mguu, au na kifua, au na ng'ombe. Walijibu, wakaona aibu, wakarudi walikotoka. Wengine hawakumsamehe kwa siku ile. Wengi walimpenda zaidi.

Kila mahali alipoomba kura alianza na maneno yale yale: "Ndugu zangu, mimi sina mji hapa. Mji huu ni wa mke wangu, nilimpa siku ya kitendawili!" Watu walikufa kwa kicheko, na Phelis, akisimama nyuma na kitambaa chake cha kichwa, alijiona mwenye Litein na mwenye Bomet.

Sasa, mwezi uliopita, Profesa alisimama tena sokoni Litein juu ya gari lenye vipaza sauti. Nywele zake zimekuwa pamba. Akashika maiki kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, mimi sina mji hapa. Mji huu..."

"NI WA MKE WANGU!" vijana wakamalizia wote kwa pamoja, wakapiga makofi na miluzi, wakaendelea kupiga, wakaendelea, mpaka hakuweza kusema la pili. Mmoja aliyekaa juu ya pikipiki yake karibu na Phelis alisema, "Babu ashushwe polepole, tusikie wengine." Hakusema kwa chuki. Alisema kwa upole, kama mtu anavyosema juu ya babu yake anayerudia hadithi ya vita. Hilo ndilo lilimchoma Phelis. Akamwangalia mumewe: Profesa aliweka mkono kifuani, akainama kushoto, akainama kulia, akishukuru. Phelis akageuka kwa muuza nyanya, akanunua nyanya ambazo hakuzihitaji.

Ndani ya gari Profesa alisema, "Umesikia walivyonishangilia?"

"Nimesikia, Baba Shirley."

Tangu siku hiyo Phelis alitaka jambo moja tu duniani: mumewe ashuke mwenyewe, kwa miguu yake, kabla hajashushwa. Arudi nyumbani watu wakiwa bado wanacheka naye. Lakini kumwambia wazi hakuweza. Angemwambia nini? Kwamba makofi yale yalikuwa ya kumnyamazisha? Alijaribu kwa simu, alijaribu wakila, na kila mara maneno yalifika kwenye meno yakarudi tumboni. Na wengine wote waliokuwa karibu naye walimwambia, "Mheshimiwa, bado uko imara," kwa sababu walikula naye.

Halafu Wachira akapiga simu. Wachira ana duka la misumari na mabati Litein, watu wake walitoka upande wa Nyeri zamani, na ndiye ameongoza kampeni zote za Profesa. Alisema watakuja Jumamosi, yeye na Janefer, kiongozi wa akina mama, na wengine wachache, kuchukua jibu: Profesa anagombea tena au hagombei. Wakishalichukua, watalitangaza kanisani Jumapili, na likishatangazwa halirudi.

Ijumaa alasiri Profesa alifika. Phelis alimkuta mlangoni akivua koti, bega moja limeshuka kuliko lingine. Akampa mursik, akampa kimyet, ugali wa wimbi ule anaoupenda, na mboga ya isageti. Mjukuu wao Dorine, anayesoma chuo kikuu pale Kabianga, alikuwa amekuja wikendi, na wakakaa wote watatu mezani.

"Kesho Wachira anataka jibu," alisema Profesa. "Wewe unaonaje, Mama Shirley?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Phelis alifungua mdomo. "Wewe mwenyewe unaonaje?" akasema, akajichukia.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Profesa alijiongezea mboga. Basi Phelis akaegemea meza, na sauti yake ikawa ile ya msichana wa darasa la saba.

"Kitendawili!"

Profesa akainua uso, macho yakacheka. "Ai, leo? Haya, tega."

"Nikiachwa narefuka na kuzeeka. Nikikatwa magotini narudi kijana."

Dorine akapanua mdomo. "Kogo, hiyo si..." Kogo ni nyanya kwa lugha yao, na nyanya huyo alimkanyaga mguu chini ya meza mpaka msichana akameza neno na mate.

"Nikatwe magotini nirudi kijana..." Profesa alikuna kidevu. "Mfumuko wa bei?"

"Mfumuko wa bei umewahi kuwa kijana?"

"Thamani ya shilingi basi. Ukiondoa sifuri..."

"Guka, please," alisema Dorine, ambaye alizoea kumwita babu yake kwa neno la marafiki zake Wakikuyu. "Hii ni ya watoto wa nursery. Fungua tu dirisha."

"Wewe nyamaza, nenda ukaangalie ng'ombe," alisema Phelis.

Profesa alicheka. "Nipe mpaka kesho."

"Nakupa mpaka wageni wafike. Ukishindwa, mji."

"Miji yangu yote si unayo?"

"Umebaki mmoja."

Alimnyooshea kidole. "Nairobi ni ya wananchi, Mama Shirley. Mali ya umma haitolewi mezani." Ndilo jibu alilompa miaka yote hii tangu aingie Bungeni. Akacheka tena, akaegemea kiti, na kabla chai haijaiva alikuwa amelala pale pale, kijiko mkononi. Phelis akamtoa kijiko kidole kimoja kimoja.

Jumamosi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nyang'au alikuja mapema na mapanga yake na msumeno, kama anavyokuja kila wakati wa kupogoa. Siku hizi meno yake ni machache lakini maneno hayajapungua.

"Chamgei, Mheshimiwa!" alipaza sauti kwa lugha ya wenyeji, akiona Profesa ametoka na kikombe. "Leo tunaanzia wapi? Na ule msitu wako tunaugusa, ama tunaupita tena kama Bunge linavyopita mambo?"

Profesa alisimama akautazama ule mstari. Labda alikuwa hajautazama miaka mingi. Mtu huona kitu kila akija na asikitazame. Ua jeupe lilidondoka likamtua begani.

"Kumbe imekuwa hivi," alisema.

"Tulikwambia kwa simu."

"Nilidhani mnazidisha." Akaweka kikombe dirishani. "Mama Shirley! Gambuti zangu ziko wapi?"

Gambuti zake zilikuwa stoo, na katika kiatu cha kushoto kuku alikuwa ametaga. Profesa alilitoa yai akaliinua kwenye mwanga. "Hii naijua," alimwambia Phelis kwa uso mkavu kabisa. "Hii siyo benki." Akampa mkononi, akaenda.

Phelis alibaki jikoni akipika chai ya wageni, dirisha wazi, akisikia kila neno.

"Panga linaruka, Mheshimiwa, huo ni mti sasa. Shika msumeno. Hapa chini. Chini zaidi. Goti, nimesema goti! Huko Nairobi hamkati kitu?"

"Tunakata bajeti."

"Inamea tena?"

"Inamea vibaya."

Nyang'au alicheka mpaka akakohoa. Msumeno ukalia, mti wa kwanza ukalala na maua yake yote, na nyuki wakapanda juu wakilalamika.

"Nyang'au, angalia hii. Si nimeiua?"

"Hapana, Mheshimiwa. Lainisha jeraha hapo, lilale upande ili maji yasikae. Ehe. Sasa chukua matawi yake mwenyewe uifunike, jua lisiichome. Miezi miwili mitatu utadhani umezika mtu. Watu watapita waseme, huyu mzee ameharibu. Wewe nyamaza tu. Halafu siku moja utaona vidole vya kijani vinatoka pembeni, vingi, hata hujui vilikuwa wapi. Na mtoto mdogo anaweza kuvichuma."

Profesa akaweka msumeno chini. Phelis alimimina chai kwenye chupa, akachukua vikombe, akatoka. Alimkuta amechutama, kiganja juu ya kisiki, Nyang'au amesimama kando akiangalia mbinguni kama mtu aliyeambiwa aangalie mbinguni. Hakujua wamesema nini. Akamimina chai.

Profesa alipokea kikombe akaketi juu ya matawi. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi la gome.

"Mama Shirley," alisema. "Siku ile Litein. Wewe ulikuwa nyuma huko na watu. Wale vijana walikuwa wananishangilia?"

Kumbe na yeye alikuwa amelibeba hilo swali mwezi mzima. Phelis alimwangalia. Mlango ule aliokuwa akiutafuta ulikuwa umefunguliwa kutoka ndani, na sasa, akiwa amesimama kizingitini, alimhurumia mno hata asiweze kuingia. Kusema ndiyo ni uongo. Kusema hapana ni kisu.

"Inategemea," alisema.

Nyang'au alishusha kikombe. Profesa alimtazama mkewe, muda mrefu, miwani imeingia ukungu wa chai. Halafu bega likaanza kutikisika, likatikisika la pili, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye gambuti, akacheka mpaka akafuta macho, na mwishowe haikujulikana vizuri anafuta nini. Phelis akaketi kando yake juu ya matawi, ubavu kwa ubavu.

"Asante," alisema Profesa, taratibu. "Kongoi, Phelis." Na jina hilo tupu hakuwa amelitumia tangu Shirley azaliwe.

Wakasikia gari langoni. Wachira hajawahi kuchelewa. Siku hiyo alikuja mapema. Alishuka na suti yake ya kahawia, Janefer nyuma yake na vitenge vya chama, na wazee wengine wawili, wakavuka shamba wakiinua miguu kama kuku kwenye umande.

"Mheshimiwa!" Wachira alipaza sauti. "Tumekuja kuchukua jibu, tunakukuta unafyeka! Watu wakikuona watasema hatukulipi!"

"Karibuni, Wachira. Janefer, mama, karibu. Simameni tu hapo, viti viko ndani."

"Hatukai. Tunataka neno moja tu, tuende tukapange. Vijana wanaanza kuzunguka na majina mengine."

"Neno utalipata. Lakini nimeshikwa." Profesa aliinuka polepole, akimshika Phelis bega. "Mke wangu alinitegea kitendawili jana, na muda wangu umeisha mlipofika. Hebu nisaidieni. Nikiachwa narefuka na kuzeeka. Nikikatwa magotini narudi kijana."

Janefer, ambaye amechuma chai tangu utoto, alicheka. "Mheshimiwa, kweli? Hiyo hata mtoto..."

Nyang'au alishikwa na kikohozi kikubwa sana, akamkanyaga Janefer kiatu katika kuyumba kwake, akaomba msamaha kwa Kikisii na Kiswahili na Kipsigis.

"Mimi ni mtu wa misumari," alisema Wachira. "Sijui. Toa mji tumalize."

"Nimeshindwa, Mama Shirley."

"Nipe mji," alisema Phelis. Alidhani labda atasema Mombasa, labda Kisumu, watu watacheka na kuingia ndani, na mambo yaendelee kama kawaida.

Profesa alivua miwani, akaipangusa na ncha ya shati, akaivaa.

"Nakupa Nairobi," alisema.

Nyuki walikuwa wanazunguka juu ya matawi yaliyolala, wakitafuta maua yao mahali yalipokuwa. Wachira alicheka kwanza, kwa mazoea. Kisha akaangalia msumeno, akaangalia visiki, akaangalia uso wa Profesa, na kicheko kikakatika. Akavua kofia.

"Mheshimiwa, unamaanisha..."

"Mimi sina mji tena, Wachira. Nilibaki na mmoja, nao umetoka. Wale vijana wenye majina mengine, waite Jumatatu hapa nyumbani, niwaonyeshe kazi ya ile sheria ya barabara ilipofikia. Haijaisha."

Janefer aliinua kitenge kimoja akajifuta macho, ingawa kilikuwa kipya cha kugawa. "Na Mama Shirley aende basi," alisema. "Ukipewa mji lazima uende. Nenda!"

Phelis akasimama. Akajifunga kitambaa cha kichwa upya, maana huwezi kwenda Nairobi ovyo ovyo.

"Nilienda Nairobi," alisema, kisha akakaza fundo la kitambaa. Akaanza tena. "Nilienda Nairobi. Nikafika pale Bungeni, askari akaniuliza, mama, unatafuta nani? Nikamwambia natafuta mzee mmoja mwembamba mwenye miwani, niliwaazima muhula mmoja. Akasema, yule? Yule amefanya kazi. Nikasema, najua. Wakamletea koti lake. Wakasimama wote, wakasimama kimya, mpaka akapita mlango. Walitukaribisha chakula lakini hatukula, chai ilikuwa inatungoja nyumbani. Tukarudi." Akamgeukia mumewe. "Na jibu ni chai."

"Chai!" Profesa alijipiga paji la uso, vumbi la gome likambaki hapo kama mtoto aliyejipaka. "Kumbe chai!"

Wazee wakacheka sasa, wakapeana mikono, na Wachira alimkumbatia Profesa pamoja na uchafu wake wote, suti ya kahawia ikapata kijani. Wakaingia ndani kunywa na kusema yale ya zamani.

Nyang'au alibaki akikusanya mapanga. Phelis alipochukua vikombe, aliinama karibu naye.

"Mama," alinong'ona. "Alijua. Ulipokuwa ukija na chupa, alishika kile kisiki akaniambia, Nyang'au, kumbe jibu la kitendawili cha mke wangu ndilo hili. Akanikataza nisiseme."

Phelis akavipeleka vikombe ndani. Mchana huo wageni walipoondoka, Profesa alirudi kwenye mstari, akitaka kumaliza hata miti miwili kabla ya mvua. Phelis akamfuata, akasimama upande wa pili wa mti, majani kati yao.

"Baba Shirley."

"Naam."

"Ile siku ya kwanza kabisa. Kwetu. Ile ya nyumba isiyo na mlango." Akamkazia macho. "Ulikuwa hujui ni yai?"

Profesa alisimamisha msumeno. Akavua miwani. Akaanza kuipangusa na ncha ya shati, polepole sana, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Usiseme!" alisema Phelis. "Hilo neno leo usiniambie."

Akaivaa, hakusema. Akainama, akapima goti lake kwenye mti, na Phelis akashika shina kwa mikono miwili ili lisitikisike.